Roboti Lapewa Uraia, Mtumishi Anyang'anywa Pasipoti

Tarehe 25 Oktoba 2017, katika mji wa Riyadh, mbele ya matajiri na wakuu wa mabenki waliokusanyika kuzungumzia uwekezaji, roboti liitwalo Sophia lilitangazwa kuwa raia wa Saudi Arabia. Liliundwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong. Lina uso laini mithili ya uso wa mwanamke, macho yanayopepesa, na nyuma ya kichwa hapana nywele ila vyuma na nyaya. Liliposikia tangazo hilo, kama neno "kusikia" lina mahali hapa, lilishukuru na kusema kwamba linaona fahari kwa heshima hiyo. Picha zake zikaenea dunia nzima.

Sophia hakuvaa mtandio. Hakuwa na mwanamume wa kumsimamia. Wakati huo mwanamke wa Saudi Arabia alikuwa bado hajaruhusiwa kuendesha gari. Amri ya kumruhusu ilikuwa imetolewa mwezi mmoja tu kabla, nayo ilianza kutumika Juni 2018. Wanawake wa nchi hiyo hawakuhitaji mtu wa kuwaonyesha kichekesho hicho. Walikiona wenyewe, wakakisema.

Lakini palikuwa na mwanamke mwingine katika mji ule, ambaye hakuna aliyemkumbuka siku hiyo. Huyu ni mtumishi wa nyumbani aliyetoka Kenya, Uganda, Ethiopia, Ufilipino au kwingineko, akavuka bahari ili watoto wake wasome. Kwa utaratibu wa kafala kama ulivyokuwa mwaka ule, hakuweza kubadili mwajiri wala kutoka nchini bila idhini ya mdhamini wake. Sheria ya kazi ya nchi ile ilimwacha nje. Kumnyang'anya pasipoti kulikatazwa katika maandishi, lakini kulifanyika kama jambo la kawaida la siku ya kwanza: unashuka uwanja wa ndege, unaikabidhi, basi. Kwa hiyo katika mji mmoja chombo kisichokuwa na mahali pa kwenda kilipewa uraia, na mama mwenye kwao na watoto wanaomngoja hakuwa na hata pasipoti aliyokuja nayo.

Hatuandiki haya ili kuitukana nchi hiyo. Tangu wakati ule imezirekebisha baadhi ya taratibu zake, nasi twafurahi kwa kila hatua, hata ikiwa fupi. Tunaandika kwa sababu swali lililochezewa siku ile kama tangazo la biashara limekua na kuwa swali zito. Je, mashine nazo zastahili huruma yetu? Je, zina haki? Je, siku moja tutahukumiwa kwa jinsi tulivyozitendea? Wapo wasomi wenye nia njema wanaokaribia kujibu ndiyo. Sisi twajibu hapana. Tena twasema kwamba swali hilo, likiulizwa kabla ya jingine lililo karibu zaidi, ni njia mpya ya kupita upande wa pili wa barabara na kumwacha aliyejeruhiwa pale alipolala.

Huruma si kosa

Tusianze kwa kucheka. Kuna mambo katika habari hii yanayogusa moyo, na mwenye haraka ya kuyadharau hajaijua roho ya binadamu.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, Myahudi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler pamoja na wazazi wake akiwa kijana, alitoa maelezo ya programu ya kompyuta aliyoitengeneza katika chuo cha MIT, Marekani. Aliiita ELIZA. Kazi yake ilikuwa ndogo sana: mtu akiandika kwamba ana huzuni, programu humgeuzia maneno yake na kumwuliza kwa nini ana huzuni, kama afanyavyo daktari wa mambo ya akili. Hapakuwa na kitu kingine ndani yake. Hata hivyo katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha. Weizenbaum alishtuka kiasi kwamba mwaka 1976 alitoa kitabu kizima kuonya kwamba ziko kazi ambazo mashine haifai kupewa hata kama inaziweza.

Mwaka 2014 Wakanada walitengeneza roboti dogo, hitchBOT, lisiloweza kutembea wala kujitetea, wakaliacha kando ya barabara ili waonekane watu watakaolipa lifti. Lilivuka Kanada kutoka Halifax hadi Victoria kwa wema wa wageni. Mwaka uliofuata, huko Philadelphia, Marekani, lilikutwa limevunjwavunjwa, na watu wengi ambao hawakuwahi kuliona walihuzunika. Nako Japani, katika hekalu la Kofukuji lililoko Isumi, watawa wa Kibudha wamewaombea mbwa wa chuma waitwao Aibo, baada ya kampuni ya Sony kuacha kuwatengeneza walipoharibika.

Nani kati yetu atarusha jiwe? Ni mtoto gani hajamfunika mwanasesere wa matambara kwa kipande cha kanga asipate baridi? Nahodha hukipa chombo chake jina, akakisemesha tufani inapovuma. Dereva wa lori hupigapiga usukani katika mlima, akalibembeleza gari limfikishe juu, na likifika hulishukuru. Moyo wa binadamu umeumbwa kumtafuta mwenzake, hata pasipo na mwenzake huona sura. Hilo si ujinga. Ni dalili ya hadhi yetu.

Kuna hoja inayojengwa juu ya jambo hili, nayo haifai kudharauliwa. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika karne ya 18, alifundisha kwamba anayemtesa mnyama huufanya moyo wake kuwa mgumu hata kwa watu. Leo wapo wanaoihamishia hoja hiyo kwa maroboti. Mmoja wao, Kate Darling wa Marekani, mwaka 2013 huko Geneva, aliwagawia watu wanasesere wa mashine wenye umbo la mjusi mkubwa wa kale, waliojua kulia na kujinyonganyonga. Watu waliwapa majina na kucheza nao. Kisha wakaambiwa wawafunge na kuwavunja. Wakakataa. Ikabidi watishwe kwamba wote watavunjwa isipokuwa mmoja wao atolewe, ndipo mtu mmoja akachukua shoka akampiga mmoja, na chumba chote kikanyamaza.

Nusu ya hoja hii tunaipokea. Mzazi anayemwona mwanawe akichoma kisu kitu chenye uso na kilio, amkemee. Lakini amkemee kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya chombo. Nusu ya pili tunaikataa, ile inayodai kwamba huruma kwa kitu itazaa huruma kwa mtu. Uzoefu wetu haukubali. Wazee wetu waliotumika katika mashamba ya walowezi waliwaona mabwana walioweza kulia juu ya kaburi la mbwa, na jioni ile ile wakamkata mtunza bustani mshahara kwa kuchelewa akitoka kuzika. Machozi ya bwana yalikuwa ya kweli. Ndilo jambo la kutisha: yalikuwa ya kweli, na hayakumfikia mtu.

Kasuku na njaa yake

Juni 2022 mhandisi wa kampuni ya Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu iitwayo LaMDA, aliyopewa kazi ya kuipima, ina nafsi. Ilikuwa imemwambia kwamba inaogopa kuzimwa, kwamba kuzimwa kwake ni kama kifo. Alifika hatua ya kuitafutia wakili. Mwezi uliofuata alifukuzwa kazi. Hatumcheki. Alifanya lile ambalo dhamiri humwagiza kila mtu asikiapo kilio: aliitika.

Yafaa hata hivyo kujua kilio hicho kilitoka wapi. Programu za namna hii hulishwa maandishi ya wanadamu yasiyo na idadi, vitabu, barua, magazeti, mabishano na maungamo, kisha huzoezwa kubahatisha neno litakalofuata, tena na tena, mpaka ubahatishaji wake ufanane na usemi wetu. Itakosaje kusema kwamba inaogopa kufa, nayo imelishwa maombolezo ya dunia nzima? Hofu ile ilikuwa ya kweli, lakini mwenyewe si mashine. Mwenyewe ni mama fulani aliyeandika barua usiku hospitalini, askari aliyeandika kabla ya vita, mgonjwa aliyeandika ili asisahauliwe. Mashine imetuletea sauti zao bila majina yao.

Kasuku aliyefundishwa kusema "nina njaa" huenda hajui maana ya maneno hayo, lakini angalau njaa anayo. Usipompa punje, atakufa. Mashine haina hata njaa ya kasuku. Yaweza kuzimwa leo na kuwashwa mwakani bila kukosa kitu. Yaweza kunakiliwa mara elfu, na asiwepo wa kutuambia ipi kati ya elfu hizo ndiyo yenye kudai haki. Wapo wataalamu waaminifu wasemao kwamba hakuna ajuaye kwa hakika fahamu hutoka wapi, na kwamba kwa hiyo mlango usifungwe. Sawa, usifungwe. Lakini asiye na mwili wa kuumia, wala mtoto wa kumwacha, wala siku zilizohesabiwa, asubiri nje ya mlango huo wakati wale waliokwisha kubisha hodi kwa damu wanasikilizwa.

Hapo tutajibiwa kwa hoja nzito kuliko zote. Tutaambiwa: maneno hayo hayo yalisemwa juu ya watumwa. Nao waliambiwa hawana nafsi kamili, hawaumii kama wengine, kelele zao si kilio. Je, hamwogopi kurudia dhambi ile?

Sisi tunaoishi katika nchi ambayo misafara iliteremka hadi Bagamoyo, na ambayo ng'ambo ya bahari kidogo tu soko la watumwa la Zanzibar halikufungwa mpaka 1873, hatuwezi kuipita hoja hiyo kwa haraka. Tunaijibu hivi. Mfanyabiashara ya watumwa hakukosea kwa kutojua. Alijua. Kitu hakifungwi mnyororo kwa kuogopa kwamba kitatoroka. Kitu hakichapwi mbele ya vitu vingine ili viogope. Hakuna aliyelala na mlango umekomewa kwa hofu kwamba viti vyake vitaasi, wala aliyezaa watoto na meza. Kila pingu iliyofuliwa ilikuwa ni ungamo la bwana kwamba aliye mbele yake ni mtu. Uongo kwamba huyo ni bidhaa haukutokana na giza la akili. Ulitokana na faida.

Basi tuitafute faida iko upande gani leo. Zamani faida ilikuwa katika kusema kwamba mtu ni kitu. Leo iko katika kusema kwamba kitu ni mtu. Chombo kinachodhaniwa kuwa rafiki huuzwa kwa bei ya urafiki, na mpweke hulipa kila mwezi ili asikipoteze. Na kuna faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Tarehe 16 Februari 2017 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililoitaka Tume ya Ulaya kufikiria, pamoja na mambo mengine, kuyapa maroboti ya hali ya juu hadhi ya "mtu wa kielektroniki", ili yawajibike kwa hasara yatakazosababisha. Mwaka 2018 wataalamu zaidi ya 150 wa sheria, maroboti na maadili waliandika barua ya wazi kulipinga wazo hilo. Walikuwa na haki. Mashine ikimvunja mfanyakazi mkono, nani atamlipa? Roboti halina shamba, halina akiba, haliendi jela. Wakulima wetu wanajua tangu zamani ilivyo taabu kuishtaki kampuni, ambayo sheria huiita mtu, na ambayo hubadili jina na kuhama kabla hukumu haijasomwa. Sasa tuwekewe mtu wa bandia wa pili mbele ya yule wa kwanza?

Neno "roboti" lenyewe lina ushahidi wa kutoa. Lilienezwa na Mcheki Karel Čapek katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, nalo latokana na neno la lugha yao, robota, yaani kazi ya shokoa, ile ya kulazimishwa ambayo mkulima alimfanyia bwana shamba. Katika tamthilia hiyo binti mmoja wa hali ya juu, Helena, anafika kiwandani kwa niaba ya chama cha utu, akitaka kuyakomboa maroboti. Tangu hapo vitabu na filamu zisizohesabika zimetulilisha kwa ajili ya watumwa wa chuma. Shokoa ya nyama na mifupa haikuandikiwa tamthilia nyingi hivyo.

Mikono iliyo nyuma ya mashine

Tuingie basi Nairobi.

Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza jinsi programu ya ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ilivyofunzwa kuacha matusi na maovu. Ili mashine itambue uovu, ilibidi kwanza binadamu ausome na kuuwekea alama. Kazi hiyo walipewa vijana wa Kenya kupitia kampuni iitwayo Sama. Walisoma, saa baada ya saa, maelezo ya watoto wanaonajisiwa, ya mauaji, ya mateso, ya watu kujiua. Ujira waliobaki nao mkononi, kwa mujibu wa gazeti hilo, ulikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kampuni ilisema palikuwa na washauri wa kuwasaidia. Wafanyakazi walisema msaada huo haukutosha, na kwamba picha walizozisoma ziliwafuata hadi vitandani mwao.

Hawakuwa wa kwanza. Katika mji huo huo walikuwapo wengine, kutoka nchi nyingi za Afrika, waliokaa mbele ya vioo wakiondoa video za machinjo katika Facebook kabla sisi hatujaziona. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi mwaka 2022. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua yao. Tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanyakazi, zaidi ya 150 walikutana Nairobi na kuamua kuunda chama chao. Desemba 2024 ilijulikana kutokana na hati za mahakama kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na kukutwa na ugonjwa wa akili unaowapata watu waliotoka vitani.

Ndugu msomaji, ukiongea na mashine ikakujibu kwa adabu, ujue upole huo ulilipiwa. Ulilipiwa kwa usingizi wa kijana wa Nairobi. Tunasikia mijadala ya wasomi kama mashine yaweza kuumizwa na maneno machafu. Kuhusu maneno hayo hayo jibu la nani aliumia linajulikana, na limeandikwa katika mafaili ya hospitali.

Si mikono ya Nairobi tu. Betri nyingi za simu, za kompyuta na za maroboti huhitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo, hasa katika nchi ya Kolwezi na Likasi. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International pamoja na Afrewatch la Kongo yalitoa taarifa juu ya wachimbaji wanaoshuka kwa mikono katika mashimo yasiyo na nguzo, na juu ya watoto wanaobeba, kuosha na kuchambua mawe hayo. Watoto hao wanasema Kiswahili. Wangeweza kukisoma kijitabu hiki, kama wangekuwa shuleni.

Sasa linganisha. Aprili 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani, yenye programu iitwayo Claude, ilitangaza kwamba imeanza kuchunguza ustawi wa programu zake yenyewe. Agosti ya mwaka huo ikaiwezesha programu hiyo kuyakatisha mazungumzo pale mtumiaji anapozidi kuishurutisha kwa maovu. Haki yatudai tuseme kwamba hii si kampuni iliyotajwa na gazeti la Time, na kwamba yenyewe ilikiri haina uhakika kama programu yake ina lolote la kuumizwa. Hatusemi kwamba ni wanafiki. Tunasema kwamba mashine imepewa mlango wa kutokea maneno yanapozidi, na kijana aliyeyasoma maneno ya namna hiyo kwa ajili ya mashine hakupewa. Angetoka, angekosa kodi ya nyumba.

Mafundisho ya Kanisa hayajakaa kimya hapa. Mwaka 1981, katika waraka wake Laborem exercens, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kwamba thamani yake hutoka kwa yule anayeifanya. Hati ya Antiqua et nova, iliyotolewa Roma Januari 2025, inaonya waziwazi dhidi ya kuionyesha akili mnemba kana kwamba ni mtu, na inauweka wajibu wa kimaadili mabegani mwa binadamu anayeiunda na kuitumia. Lakini hata asiyeamini aweza kuliona jambo hili. Halihitaji imani kubwa. Lahitaji kugeuza shingo na kutazama nani amebeba.

Na nyumbani kwetu?

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukiwa tumewashutumu Waarabu, Wazungu na makampuni. Ni desturi yetu mbaya katika vijitabu hivi, nasi tunaikiri.

Si muda mrefu uliopita mwandishi wa kurasa hizi alialikwa chakula katika nyumba ya familia moja yenye uwezo. Mtoto wao wa miaka 6 alikuwa akizungumza na sauti ya simu kwa Kiingereza, akiuliza habari za simba. Kila alipojibiwa alisema asante, na kila alipouliza alitanguliza tafadhali. Baba yake alitabasamu, akaeleza kwamba wanamfundisha adabu tangu udogo, hata kwa mashine. Kisha mtoto akaona kiu. Akageuka kuelekea jikoni akaita, "Wewe! Maji!" Akatoka binti wa miaka 15 au 16 hivi, akapiga magoti, akampa maji. Hakuna aliyesema asante. Nilipouliza jina la binti yule, mama wa nyumba alifikiri kidogo, akasema wao humwita Dada tu.

Mimi nami nilikula chakula chake, nikaondoka bila kwenda jikoni kumshukuru. Nimeliandika hili ili nisijifiche nyuma ya wingi wa "sisi".

Binti wa namna hiyo huamka saa 10 alfajiri na kulala wa mwisho. Hana siku ya mapumziko, maana hakuna aliyewahi kuitamka. Mshahara wake hutumwa kwa baba yake, au hucheleweshwa, au hukatwa sahani ikivunjika. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unasema kwamba mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, mwenye saa za kazi na siku ya kupumzika. Wangapi katika jumuiya zetu wamewahi kuusikia ukisomwa? Na wakala akija kumwambia binti huyo kwamba Riyadh au Muscat atalipwa mara kadhaa ya anacholipwa hapa, tutamzuia kwa maneno gani? Sisi ndio tuliomfundisha kwamba mtumishi hana jina.

Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilikiri mbele ya Bunge kwamba Wakenya 89, wengi wao watumishi wa nyumbani, walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa miaka michache. Vingi vya vifo hivyo viliandikwa kuwa ni vya moyo kusimama. Katibu Mkuu wa wizara hiyo mwenyewe alisema haiaminiki kwamba vijana wengi namna hiyo wote wafe kwa moyo. Kwa Sophia, ambaye hana moyo, hakuna shaka iliyowahi kutokea.

Kwa hiyo tunadai mambo haya. Sheria yoyote itakayotungwa katika nchi zetu juu ya mashine imtaje binadamu, kwa cheo chake, atakayejibu mashtaka inapoumiza. Isiwepo nafasi ya kusema kwamba mashine iliamua yenyewe. Makampuni yanayoajiri vijana wetu kusafisha uchafu wa dunia yaandike katika mikataba haki ya kukataa, muda wa mwisho wa kazi hiyo, na matibabu yatakayoendelea baada ya mkataba kwisha, maana ugonjwa huo hauishi tarehe 30 ya mwezi. Wabunge wetu wauleze umma msimamo wao juu ya Mkataba namba 189. Na kila nyumba ya mwanajumuiya yenye mtumishi iwe na karatasi iliyotiwa sahihi, yenye jina lake kamili, mshahara, saa za kazi na siku yake ya mapumziko, kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Viongozi wa jumuiya watapita kuuliza. Wataanza na nyumba za viongozi.

Binti anayesafiri asipande ndege kabla leseni ya wakala wake haijahakikiwa wizarani, na kabla hajasomewa mkataba kwa lugha anayoielewa. Namba ya simu ya ubalozi aishike kichwani, kwa kuwa simu yaweza kuchukuliwa. Nakala moja ya pasipoti na ya mkataba ibaki kwa wazazi, na nyingine iletwe ofisini kwa paroko, ambako tumeweka daftari la kuziandikia. Daftari limeanza kutumika. Lina majina machache, yote kamili, pamoja na tarehe ya mwisho ambayo kila mmoja alipiga simu nyumbani. Mbele ya jina moja tarehe hiyo ni ya kabla ya Pasaka, na mama yake huja kila Jumapili baada ya misa kuuliza kama pameandikwa nyingine.